Mama Anita Bado Hajui

Mifuko ya duka la Chetan ilichorwa mtoto anayecheka, na kwa sababu hiyo Annah Nyokabi aliigeuza ndani nje kabla ya kuwapa wateja fulani. Alikuwa akiuza nguo za watoto wachanga Biashara Street, katikati ya Nairobi, tangu binti yake Debra alipokuwa shule ya msingi, na alijua kuwatambua wanawake ambao hawajamwambia mtu. Anayemnunulia mtoto wa dada yake huanza kwa kuuliza bei. Aliye na wake tumboni huishika shali kwanza, halafu hutazama mlangoni. Annah hakuwauliza lolote. Aliikunja shali, akageuza mfuko, akawatakia siku njema kana kwamba wamenunua kitambaa cha meza.

Hivyo ndivyo alivyojuana na Nanjala. Nanjala aliingia dukani akiwa amekwisha kupoteza mimba mara mbili, akanunua shali nyeupe ya sufu ambayo hata Shem, mumewe, hakuambiwa habari yake. Jumapili iliyofuata wakakutana mlangoni mwa kanisa kule Waithaka, pembezoni mwa jiji, kumbe wote wawili ni wa huko. Annah alimsalimia kama mtu asiyemfahamu. Miezi ikapita, mtoto akazaliwa, akaitwa Anita, na siku Annah alipoenda kumwona alimkuta amefunikwa shali ile ile. Nanjala alimwambia kwamba, kati ya watu wote, yeye ndiye aliyemwacha asubiri kwa amani. Tangu hapo wakawa kama ndugu, mmoja Mama Debra, mwingine Mama Anita.

Mimi ni mpangaji wa Annah, na kabla ya mambo haya kutokea nilizoea kumsikiliza jioni akitoa maoni yake kuhusu dunia, gazeti likiwa magotini. Habari za kisiasa alizipitia haraka. Kilichomkera zaidi ni jinsi watu walivyokuwa wakigawa maisha yao bure. Hakuelewa kwa nini askari wa kila jengo la mjini anataka namba ya kitambulisho na ya simu ili tu amruhusu mtu kupanda ngazi. Yeye aliandika namba ya simu aliyoibuni papo hapo. Katika duka kubwa, mhudumu akimwomba namba ili apate pointi, alijibu kwamba amekuja kununua unga. Tulimcheka sana. Debra alimwambia kwamba anajificha kama mwizi, na yeye akajibu kwamba mwizi ni yule anayeuliza.

Chetan naye alimsikiliza, ingawa duka ni lake. Wakati mmoja alitaka kuandika namba za wateja wote ili awatumie matangazo. Annah alimwonyesha kwa macho msichana aliyekuwa amesimama kwenye rafu ya soksi.

"Huyo mamake hajui," alisema. "Utamtumia ujumbe wa nepi, simu ikiwa mezani wanakula?"

"Mama Debra, wewe utafunga hii duka yangu," Chetan alisema, lakini wazo hilo hakulirudia tena.

Kwa sababu alijua kuutunza ulimi wake, Annah alipewa kazi nyingine ambayo haina mshahara. Mtaani kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu. Mchungaji au jamaa wa marehemu alimwita Annah, naye alikuwa na utaratibu wake. Aliwapitia wanawake watatu au wanne majumbani mwao, mmoja baada ya mwingine, wakaenda pamoja. Wakifika, mmoja alikwenda jikoni kuzima jiko, kwa maana mtu akipata habari kama hiyo hawezi tena kukumbuka sufuria. Mwingine aliazima simu ya mwenye nyumba, akisema yake haina chaji, ili jamaa wa mbali asiwatangulie. Ndipo Annah aliposogea, akamshika mkono, akasema maneno machache. Waliowahi kuambiwa naye husema kwamba walisikia uzito wa mkono kabla ya kusikia maneno.

Asubuhi moja katikati ya juma, Haron, ndugu yake Shem, alimpigia Annah akiwa dukani. Shem alikuwa fundi wa samani pale Ngong Road, na alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Haron alisema kwamba amefariki muda mfupi uliopita. Nanjala hakuwepo, alikuwa amekwenda nyumbani kuoga na kumpikia mumewe uji. Haron alijaribu kumpigia akashindwa kubonyeza. Angekuja na mchungaji baadaye, lakini aliogopa kwamba Nanjala angerudi hospitali peke yake, na kukuta kitanda kitupu.

"Wewe ndiye unajua kuyasema haya," alimwambia.

Chetan alifunga kaunta na kumpeleka kwa gari lake. Annah alikaa mbele, mkoba magotini, akipiga hesabu ya njia. Kama angewapitia wanawake nyumba kwa nyumba kama kawaida yake, Nanjala angekuwa amekwisha kutoka na uji wake. Kama angekwenda peke yake, nani angezima jiko, nani angeazima simu? Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo Debra alikuwa amemfundisha, na ambalo kila familia ya Nairobi hufanya siku hizi kukitokea msiba. Alifungua kundi jipya la WhatsApp.

Akaanza kuchagua majina. Jina la Nanjala lilikuwa juu kabisa, kwa kuwa ndiye aliyeandikiana naye kila siku, na kidole chake kikaligusa kwanza, kama kilivyoligusa walipopanga arusi, harambee na safari za chama chao cha akina mama. Kisha akamgusa Janice, jirani yao, na wengine waliobaki. Kundi akaliita Msiba wa Shem. Akaandika kwa uangalifu, maana hapendi makosa:

"Akina mama, Shem ametuacha asubuhi hii. Mama Anita bado hajui. Tukutane langoni kwake twende pamoja. Tafadhali mtu asimpigie simu."

Aliutuma, akairudisha simu mkobani, akamwambia Chetan kwamba sasa yote yatakwenda sawa.

Walipofika Adams Arcade simu ililia. Alikuwa Janice, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama Debra, mbona Mama Anita ako kwa hiyo grupu?"

Annah alimjibu kwamba hayupo.

"Ako. Angalia."

Aliangalia. Alibonyeza ujumbe wake kuona waliousoma, na jina la kwanza lilikuwa la Nanjala. Aliufuta ujumbe. Alitaka kumtoa Nanjala pia, akalikuta jina lake, lakini kidole kikagoma. Unamwondoaje mwanamke katika msiba wa mumewe? Jina la kundi likabaki juu ya kioo kama lilivyokuwa.

Chetan alimuuliza kama wageuze waende hospitali kwanza. Annah alitikisa kichwa. Magari yalikuwa yamesimama Dagoretti Corner, na alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipotamani ateremke akimbie, mama wa umri wake, na viatu vyake vya kazi.

Alipofika kwa Nanjala, wanawake wenzake walikuwa bado hawajafika. Nyumba ilinuka uji ulioungua. Nanjala alikuwa ameketi kwenye kochi alilotengenezewa na Shem, simu ikiwa imelala kifudifudi pembeni yake, chupa ya chai ikiwa wazi mezani na kifuniko chake mkononi. Annah alikwenda jikoni akazima jiko. Aliporudi hakujua aketi wapi. Alimshika mkono, lakini mkono huo haukuushika wa kwake, na maneno yake yote yalikuwa yamekwisha kusomwa.

Hakuna aliyemlaumu. Akina mama walisema ni simu. Debra alimweleza kwamba kuna mahali pa kubonyeza ili mtu asikuingize kundini bila idhini yako, na Annah akauliza kwa nini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa nini mlango uje wazi, na mwenye nyumba ndiye atafute kufuli? Lakini mtu akimwonea huruma kwa kusema kwamba teknolojia ndiyo mbaya, alikataa. Alisema simu haikumtuma. Alikuwa na miguu, na alijua kazi yake, akataka kuifanya haraka.

Alipika kwenye matanga kila siku. Alisafiri na mwili hadi Bungoma, nyumbani kwao Shem, akaketi kiti cha nyuma cha basi. Nanjala alimsalimia kama alivyowasalimia wageni wote, kwa adabu kamili, na adabu hiyo ndiyo iliyomuumiza. Waliporudi Nairobi hawakuandikiana tena. Mchungaji alipomwita Annah kupeleka habari kwa familia nyingine, aliomba atumwe mtu mwingine. Dukani aliendelea kugeuza mifuko, ila Chetan aliniambia kwamba siku hizi anaigeuza bila kumtazama mteja usoni.

Kundi nalo likaanza kupungua, kama makundi yote ya msiba baada ya mazishi. Fulani ameondoka. Fulani ameondoka. Haron aliyeingizwa baadaye, Janice, na wote wa chama. Mwishowe wakabaki wawili tu, Annah na Nanjala. Annah aliogopa kuondoka, asije akaonekana anakimbia. Kwa nini Nanjala hakuondoka, hakujua, na hakuthubutu kuuliza.

Juzi Jumamosi, mchana, mimi na Annah tukianika nguo uani, simu yake ilitoa mlio. Nanjala alikuwa ametuma picha katika lile kundi, bila neno. Shem akiwa kijana, mbao zimeegemea ukuta nyuma yake, amembeba Anita ndani ya shali nyeupe. Annah aliandika kitu, akakifuta. Aliandika tena, akafuta. Kisha akaacha nguo kwenye beseni na kuvaa viatu.

Nanjala alifungua lango mwenyewe. Aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwa Annah, akaichukua na kuiweka juu ya kabati la vyombo, mbali nao.

"Leo umekuja kwa miguu," alisema.

"Nimekuja."

Waliketi kwenye kochi la Shem. Nanjala alinyoosha vizuri kitambaa cha kochi ambacho hakikuwa na mkunjo wowote.

"Siku ile sikulia, Mama Debra. Wengine hulia wakiambiwa. Mimi nilikuwa nasoma."

Jikoni maharagwe yalikuwa yakichemka. Annah alikwenda akazima jiko, akarudi, akasogea karibu, akamshika mkono.