Mtihani wa Sarafu za Mtandaoni

Clifford, mwenye bucha mstaafu wa mji wa Rotherham, Uingereza, aliisukuma simu kando ya kikombe cha chai. Alitaka kununua sarafu za mtandaoni, lakini sheria iliwataka wauzaji wamtahini kwanza.

“Glenys, hawa watu ni wazima kweli? Wameniuliza kama naweza kupoteza pesa zangu zote. Nikajibu siwezi, mimi mtu makini. Wakanifelisha! Nimerudia, nikasema naweza kupoteza zote. Eti hongera, karibu!”

Mkewe aliendelea kupaka mkate siagi.

“Sasa anayefaa ni yule anayejua ataliwa pesa?” Clifford aliuliza.

“Kwani kanisani kasisi hakukuuliza kama utanivumilia kwa shida na raha?”

“Aliniuliza.”

“Ukajibu nini?”

Clifford alikuna kichwa. “Ndiyo.”

“Basi ulifaulu mara ya kwanza, mume wangu. Na mpaka leo swali hujalielewa.”