Swichi Niliyoifunika kwa Tepu

Nikiwaeleza watu wa Meru kazi yangu, huniuliza kama naweza kutengeneza simu iliyoingia maji. Siwezi. Mimi huandika ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, inayopokea habari kutoka kwenye waya au hewani na kuifikisha inakotakiwa. Habari huja vipande vipande, na kila kipande tunakiita pakiti. Pakiti ikifika, mashine huipa nafasi katika kumbukumbu yake, kama kina mama wa kanisa wanavyotoa sahani zao kwa sherehe ya mtu. Watu wakimaliza kula, sahani zinarudi stoo. Zisiporudi, iko siku wageni watapanga foleni na stoo haina hata sahani moja.

Ninaishi Embu, mtaa wa Dallas. Hapo mezani kwangu niliandika programu ya visanduku viwili vya plastiki kwa ajili ya kliniki moja ya uzazi mjini Meru, juu kidogo ya soko la Gakoromone. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati hulazwa jengo la nyuma, na meza ya manesi iko jengo la mbele. Kisanduku cha nyuma kilisoma joto la mtoto katika kila inkubeta, kitanda cha kioo chenye joto, na kulirusha hewani juu ya ua. Cha mbele kikalipokea, na skrini ya manesi ikaonyesha namba. Joto likishuka, skrini inalia. Nilijivunia kazi ile kupita kiasi, nakiri.

Kisha nikaona kwenye ripoti kwamba kisanduku cha mbele kinazimika kila Ijumaa asubuhi. Nilikwenda Meru nikiwa nimevimba. Kumbe ni mama wa usafi. Kila Ijumaa alipopiga deki kwa maji mengi, alizima swichi ya ukutani, kama tulivyolelewa sote huku: maji yakimwagika, zima, radi ikinguruma, zima na uchomoe.

"Si maji tu, madam," akaniambia. "Hiyo kitu ikifika Thursday inakuwa nzito. Namba zinachelewa. Nikizima niwashe tena, inakuwa fresh."

"Mama, hii si redio," nikamjibu mbele ya manesi wawili. "Usiiguse tena."

Nikabandika tepu nyeusi juu ya swichi, tabaka mbili, na juu yake nikaandika USIZIME. Manesi wakacheka. Yeye akachukua ndoo yake akaenda zake. Mvua za msimu zilikuwa ndiyo zinaanza, na nilirudi Embu nikijiona mtu wa maana.

Wiki ya pili baada ya hapo mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji, kabla ya miezi kutimia. Mimi ndiye niliyemwambia aende kliniki ile. "Hapo mashine ni zangu," nilimwambia kwenye simu. Nilitamka hivyo hasa.

Siku ya tatu nilienda kumwona mtoto. Ilikuwa adhuhuri na mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Nesi alinikaribisha chai pale mezani pa skrini.

"Leo wametulia kabisa," akasema. "Skrini haijalia hata mara moja tangu asubuhi."

Nilikunywa nusu kikombe nikiitazama namba ya mtoto wetu kwa furaha. Thelathini na sita nukta nne. Nikaendelea kuitazama. Joto la mtoto halikai mahali pamoja. Ile tarakimu ya mwisho hupanda na kushuka, hata kidogo. Hii haikutikisika. Nikaangalia za watoto wale wengine watatu. Nazo zilikuwa zimeganda.

Sikumbuki nilimwambia nini nesi. Nakumbuka tulivuka ua tukilowa, na nilipofungua mlango wa jengo la nyuma inkubeta ya kwanza, ya mtoto wetu, haikuwa na taa. Umeme ulikuwa umepanda na kushuka, fyuzi yake ikaungua. Kengele yake yenyewe ilikuwa bubu, betri ilikwisha zamani, na nani angejisumbua kuibadilisha wakati skrini ipo? Nikamshika mtoto miguu. Ilikuwa baridi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, na hakulia.

Nesi alifungua vifungo vya sare yake, akamweka kifuani, akamfunika na sweta akakimbia naye kwa mama yake. Niliwagusa wale watatu, mmoja mmoja. Walikuwa na joto. Nilisimama pale nikiogopa hata kupumua, mpaka nikasikia kilio chembamba kutoka ng'ambo ya ua. Nikakaa sakafuni.

Kosa nililipata mchana uleule, nikiwa kwenye benchi la wagonjwa na kompyuta mapajani. Hewani pakiti nyingine huharibika njiani, hasa mvua ikinyesha, na iliyoharibika lazima itupwe. Hilo ni sawa. Ila mimi nilikuwa natupa pakiti bila kurudisha nafasi yake. Mstari mmoja tu wa programu haukuwepo. Mezani kwangu Dallas nilivijaribu visanduku kwa waya mfupi, hakuna pakiti iliyoharibika, kwa hiyo sikuona chochote. Hapa kumbukumbu ilijaa kidogo kidogo, na ni yule mama aliyekuwa akiisafisha kila wiki bila kujua, hadi nilipomkataza. Halafu kuna hili, na hili nililiandika kwa makusudi: habari mpya isipofika, skrini ibaki na namba ya mwisho, manesi wasishtuke bure.

Nilienda wodini. Mdogo wangu alikuwa amemlaza mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mablanketi mawili juu.

"Dada, mashine ilisema nini?" akaniuliza.

"Ilisema yuko sawa."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

"Nani aliifanya iseme hivyo?"

"Ni mimi."

Nilingoja anipigie kelele. Nilitamani sana anipigie kelele. Yeye alivuta blanketi likafunika kichwa cha mtoto, akatazama upande wa pili wa wodi, walipolala mama za wale watoto watatu. Walikuwa wakitusikiliza. Mmoja alikuwa ameshika kijiko cha uji na hakipeleki mdomoni.

"Na hawa," mdogo wangu akasema, "unawaambia lini?"

Nikavuta kiti, nikaketi karibu na yule mwenye kijiko.