Moyo wa Bi Mwanahawa Hauna Neno

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, Bi Mwanahawa wa Isevya alianguka uani kwake akavunjika nyonga. Daktari akamwambia watautoa mfupa uliovunjika wamtie wa chuma. Hilo alilikubali bila matata. Kilichomvuruga ni maneno ya muuguzi Veneranda: "Bibi, kwa umri wako, mashine itausikiliza moyo wako mwanzo hadi mwisho."

Na moyo wenyewe, jamani, ulikuwa na mambo. Mwanawe Nassibu, mtu wa chama, alikuwa amepewa kiwanja kijijini huko upande wa Ipole, akataka mama ahamie naye. Bi Mwanahawa hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Kazaliwa Tabora mjini, na mumewe kazikwa hapo hapo. Lakini kila alipoulizwa alijibu, "Nimeridhika moyoni, mwanangu." Sasa mashine itamuumbua.

Siku ya upasuaji wakamchoma sindano ya mgongo. Miguu ikafa ganzi, mwenyewe akabaki macho. Wakambandika nyaya kifuani, mashine ikaanza: ti, ti, ti. Bibi wa watu akajitahidi kuwaza uji, akawaza kanga za dukani kwa Popatlal, chochote kisicho kijiji. Veneranda, kwa nia njema ya kumliwaza, akauliza, "Ukipona utakwenda kukaa na mwanao kijijini?"

"Nitakwenda," akasema, na mashine ikaenda mbio mpaka daktari akainua kichwa.

Aibu ikamshika. Kisha, hata mwenyewe hakuelewa kwa nini, akaona raha. Basi mashine na iseme, maana yeye ulimi umemshinda.

Jioni Nassibu akaja wodini. Akamwamkia mama, akamgeukia muuguzi. "Moyo wake je?"

Bi Mwanahawa akafumba macho kungoja.

"Ulikwenda mbio kidogo, ukatulia," Veneranda akasema. "Sasa moyo wake hauna neno."

"Alhamdulillahi. Basi akitembea tu, tunahama."

Bibi akafumbua macho, akamtazama huyu, akamtazama yule. Nyaya zote zile kifuani, na kazi bado wamemwachia yeye.

"Una neno," akasema. "Nassibu, moyo wangu una neno. Siendi kijijini."

"Mbona ulisema umeridhika, mama?"

"Kwa sababu sina mwingine ila wewe."