Lema ya Tatu

Kila Jumatano mchana wanafunzi wangu wa uzamili wa hisabati hukutana ofisini kwangu kupigana. Sheria ni moja. Mmoja anasimama ubaoni na chaki, wengine wanaruhusiwa kuuliza "kwa nini?" tu. Akijibu "ni wazi", ananyang'anywa chaki. Joto la Kisumu saa nane, tumbo limejaa ugali na samaki wa mbuta, halafu mtu athubutu kudai kitu ni wazi! Chaki huwa naipokonya mwenyewe, tena kwa raha zangu.

Kati yao alikuwapo binti wa Muhoroni ambaye baba yake huendesha trekta la miwa. Nilimpenda kwa sababu isiyo ya kitaaluma hata kidogo: akikwama, alicheka. Wenzake wakikwama hununa kana kwamba hesabu imewatukania mama.

Siku mbili kabla ya kutetea tasnifu yake mbele ya watahini, alinipigia simu asubuhi.

"Madam, lema ya tatu imekufa."

Lema ni hatua ndogo inayobeba hatua kubwa. Ikianguka, kila kilicho juu yake kinaanguka nayo. Niliisoma upya kwa hasira, nikitafuta mahali pa kumwambia amejitia hofu bure. Sikupaona. Katika mstari mmoja mfupi alikuwa amegawa pande zote mbili kwa herufi, na hakuna popote alipoonyesha kwamba herufi ile haiwezi kuwa sifuri. Kugawa kwa sifuri tunawakataza hata watoto wa shule ya msingi. Ila huku juu sifuri haiji na sare. Inajificha ndani ya herufi na kukaa kimya.

Tukaanza kuhangaika. Wenzake walikuja wote, hata wale ambao hawakuitwa, na ubao ukafutwa mpaka ukawa mweupe. Herufi ikiwa si sifuri, kila kitu kilisimama imara. Ikiwa sifuri, hatukujua lolote. Siku ya pili jua likizama, mmoja wao akasema kile ambacho kila mtu alikuwa akikiwaza.

"Wewe nyamaza tu. Hao wazee hawataona. Ukisema, watakurudisha mwaka mzima."

Binti akanigeukia mimi. Nilitaka apite, Mungu anajua jinsi nilivyotaka. Wazazi wake walikuwa wameshajiandaa kuja. Nikamwambia tasnifu ni yake, aamue mwenyewe, kisha nikamfukuza aende akalale.

Kesho yake baba yake alifika amevaa suti yake ya harusi, mama na ndoo ya chapati za watahini, maana kwetu hakuna anayetetea tasnifu watu wakiwa na njaa. Waliketi nyuma kabisa, wima, kama wako kanisani.

Binti alieleza vizuri sana. Alipofika kwenye lema ya tatu, akaweka chaki chini. Akasema hapa pana shimo, akaonyesha lilipo, akataja kila njia aliyojaribu na mahali ilipomkatikia. Mtahini mkuu, mzee asiyejua kutabasamu, akauliza, "Na hiyo herufi ikiwa sifuri?"

"Sijui," akajibu.



Tulitolewa nje, tukaitwa tena. Amepita. Aandike upya kauli yake idai kile tu alichokithibitisha, na shimo alitaje waziwazi kama swali lililobaki. Mtahini mkuu akachukua chapati ya pili. Korido ilijaa vigelegele.

Baba yake akanivuta pembeni.

"Mwalimu, hiyo hesabu yenu mimi sikushika hata kidogo. Lakini nilisikia nyathina, huyu msichana wangu, akisema hajui. Mbele ya watu wote hao."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hakuna mtu alimcheka?"

"Hakuna."

Alimtazama bintiye akirushwa juu na wenzake.

"Mimi nilisema hivyo darasa la tano. Wakacheka wote, na mwalimu pia. Shule sikurudi tena."

Nikamshika mkono, machozi yakinitoka, tukasimama hivyo hivyo mpaka binti akaja kumkumbatia.