Bip ya Mama Wilondja

Ukipita mjini Baraka na kusikia watu wananiita Bip, usiwaulize sababu, nitakueleza mwenyewe, maana wao wanaisimulia wakicheka na mimi hadi leo sijaona cha kuchekesha.

Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo ya hapa mjini. Emeta, yaani mtambo unaorusha matangazo yetu, iko juu ya kilima, na tulichoka kupanda kila mara kwenda kuiwasha. Fundi kutoka Uvira akatufungia kisanduku chenye kadi ya simu: ukikibipa (unapiga, chenyewe kinakata) kinazima emeta, ukikibipa tena kinaiwasha, kisha kinanitumia mesaji kwenye namba yangu mpya kunijulisha hali yake. Aliniagiza nitafute kadi mpya, yenye namba isiyojulikana na mtu. Nikaona uvivu wa kupanga foleni kuiandikisha, nikatia kadi yangu ya zamani, nikijiambia nani ataikumbuka namba ile.

Jirani yangu Mama Wilondja aliikumbuka.

Alifiwa na mume wake, na mwana wao wa pekee, Wilondja, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Misisi, simu yake haipatikani, ila kwenye kilima chao redio yetu inanaswa. Mazishi yalikuwa kesho yake. Bila tangazo letu kijana asingemwona baba yake. Nikamwahidi mama kwamba komunike hiyo ya msiba nitaisoma mwenyewe mchana ule, na kwa kuwa nilitaka kujua kama sauti inatoka vizuri (ugonjwa wangu huo, napenda kusifiwa), nikamwambia akisikia nimeanza tu, anibipe.

Nikanyamazisha simu, nikaingia studio, nikasoma taratibu: familia inatangaza kwa huzuni kifo cha Mzee Assani, Baba Wilondja, wanajulishwa ndugu wote wa Nundu, wote wa Kilembwe, na hasa mwana wake, Wilondja, wa machimbo ya Misisi, mazishi ni kesho asubuhi, hapa Baraka. Ndani ya studio unajisikia mwenyewe tu, hujui kilimani kinatoka nini. Nikatoka nimeridhika.

Nje nikakuta bamama wa matangani wanakuja mbio, Mama Wilondja ameshikwa pande zote mbili, kitambaa cha kichwa kimemwanguka.

"Mutangazaji, mutoto yangu naye amekufa lini?"

Wakanieleza, kila mmoja akimkatiza mwenzake: redio ilitangaza kwa huzuni kifo cha, ikanyamaza, iliporudi ikasema Wilondja, wa machimbo ya Misisi, mazishi kesho. Nikaapa kwamba nilisoma sawasawa. Halafu nikamwuliza mama kwa nini hakunibipa (yaani nilikuwa natafuta kosa kwake, kwa mjane).

"Mi nilikubipa. Redio ikanyamaza, nikakubipa tena. Angalia."

Akabonyeza. Simu yangu haikuonyesha bip yoyote. Iliyonyamaza ni redio ya kinyozi, ng'ambo ya barabara.

"Mama, bipa tena," kinyozi akasema, na redio ikaendelea kuimba.

Kabla sijamaliza kumwambia mama kwamba mwanawe ni mzima, vijana walikuwa wameshatoa simu zao (namba ile niliigawa kama pipi nilipoanza kazi). Zima, washa, zima, washa, na kicheko juu. Nikakimbilia studio kusoma upya, nikasoma hadi sauti ikakauka, ndipo nikatazama simu: mesaji zimejaa, na ya mwisho inasema emeta haiwaki. Iliungua. Mtu wa pikipiki niliyemtuma Misisi alikwama kwenye matope, na Mzee Assani tukamzika bila mwanawe.

Wilondja alifika kaburi limeshafunikwa. Hakunigombeza. Nilimwuliza kama tangazo lilimfikia, akasema ndiyo, wenzake walicheka sana, wakamwita marehemu siku nzima.

"Mi nilijua ni makosa yenu, juu niko muzima," akasema. "Nikangoja murekebishe."

Kisanduku tulikiondoa. Siku hizi napanda kilima mwenyewe na kuwasha kwa mkono, na simwombi mtu tena aniambie kama nasikika. Komunike ya kifo naisoma na redio ndogo sikioni, na siendi kwenye jina la aliye hai mpaka nisikie jina la marehemu limetoka lote.