Kreti Nilizozijaribu kwa Maji

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo naacha randa mezani na kwenda kukaa nje kwanza.

Sikuwa na mpango wa kukuhadithia. Lakini jana nimekuona pale uani ukijaza maji kwenye ile mifuko yako ya plastiki, ukaipanga ndani ya kreti ulizozichora kwenye kompyuta kwa ajili ya wale akina mama wauza asali, moja juu ya nyingine mpaka zikafika nne, kisha ukapanda juu ukaruka huku wenzako wakipiga makofi. Ukanigeukia ukasema, "Baba, unaona? Hata hazitikisiki." Nikanyamaza. Ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa najiona mimi mwenyewe juu ya zile kreti.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako, na karakana yangu ilikuwa hapa hapa Itigi, upande wa pili wa reli. Nilikuwa fundi mzuri, nasema bila haya. Ubaya ni kwamba nilikuwa najua. Penseli ilikaa sikioni hata nikienda kanisani, mtu asije akasahau mimi ni nani. Mama yako anasema bado ninayo tabia hiyo, lakini mama yako anasema mengi.

Wafugaji nyuki wa kwetu walikuwa na kikundi, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Msengi, mtu mfupi mwenye kofia ya pama iliyochakaa, aliyenifundisha kuchonga mizinga nikiwa sijaota ndevu. Miaka yote asali yao walikuwa wakiisafirisha kwa ndoo. Ndoo zilipasuka, zilipotea, na zile zilizorudi zilirudi tupu, zimejaza gari zima. Ndipo mnunuzi mmoja wa Singida mjini akawaambia atawapa mifuko mizito ya plastiki. Kila mfuko unaingia asali ya ndoo kubwa, na ukishamiminwa unakunjwa kama shuka. Tatizo ni kwamba mfuko wa asali hauwezi kusimama wenyewe. Ulihitaji sanduku la kuukinga, na masanduku hayo yaweze kupandana garini. Wazee wengine walitaka kubaki na ndoo zao. Mzee Msengi akasimama katikati yao akasema, "Huyu kijana atatutengenezea. Mdhamini wake ni mimi."

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye ni lazima umjue, dereva wa lori aliyeitwa Hamisi. Yeye na Mzee Msengi walikuwa watani, utani waliourithi kwa babu zao. Wewe unajua hapa kwetu shikamoo haina mchezo. Mtoto asiyeamkia mkubwa anarudishwa njiani. Lakini Hamisi, mdogo kwa Mzee kwa miaka mingi, hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Alikuwa akisimamisha lori, anashuka, anampokonya kofia na kupiga kelele, "Mwizi wa nyuki wewe! Bado hujafa?" Naye Mzee anamjibu, "Nikifa nani atakulisha, mla vya watu?" Kofia hairudi mpaka Hamisi apewe kipande cha sega. Juma ambalo lori halikupita, Mzee Msengi alikuwa hana raha, anamgombeza kila mtu.

Basi nikatengeneza kreti zangu kwa mbao za paini. Kila moja niliiwekea nguzo nne fupi pembeni, na chini yake vibao vya kukalia juu ya nguzo za kreti iliyo chini, ili uzito ushuke kwenye nguzo na usiuguse mfuko. Mpaka hapo nilikuwa sahihi, na wewe umefanya vivyo hivyo. Ila mbao za ubavuni nilizipigilia kwa nje ya nguzo, kwa sababu nilitaka kreti ipendeze, ionekane laini kama kabati la sebuleni.

Kisha nikaita watu. Nikajaza mifuko minne maji ya bomba, nikapanga kreti nne, nikapanda, nikaruka. Makofi yakapigwa. Mzee Msengi peke yake hakupiga. Alisogea, akaweka kiganja ubavuni mwa kreti ya chini, akauliza, "Na asali?"

"Mzee, maji na asali vyote vinamiminika," nikamjibu, na watu wakacheka.

Yeye hakucheka. "Fundi, ndoo ya maji mke wangu anajitwika mwenyewe huku anaimba. Ndoo ya asali tunasaidiana wawili kuitua. Jaribu kwa asali."

Alasiri hiyo hiyo akaniletea ndoo mbili za asali yake na kuzisukuma chini ya meza yangu ya kazi. "Ikimwagika ni yangu," akasema. "Usiogope."

Sikuijaribu. Nafasi nilikuwa nayo, mwanangu, nisikudanganye. Siku nzima iliyofuata nilikuwa nimeinama nikipaka rangi nyekundu ubavuni mwa kila kreti: FUNDI ELIA, ITIGI. Na niseme lote, niliogopa. Watu walikuwa wameshapiga makofi, na nikajiuliza asali ikimwagika sasa uso wangu nitauweka wapi. Mzee alipopita kuuliza, nikamwambia, "Tayari, nimejaribu kwa asali. Iko sawa." Akanishika bega akaniombea heri, na mimi nikapokea ile heri bila hata kuona aibu.

Asubuhi ya safari, utingo wa Hamisi alikuwa anaumwa, nikakaa mimi mbele. Nilitaka kuwepo Singida wakati kreti zangu zinashushwa. Barabara ile haikuwa na lami wakati huo, lakini Hamisi aliendesha kama amebeba mgonjwa. Kila shimo alilizunguka. Baiskeli zilitupita. Nilipomwambia tutachelewa, akaniambia, "Hii ni asali ya mwizi wangu. Ikifika na kasoro atanitukana mpaka kaburini." Haya niliyasikia kwa masikio yangu mawili, yakumbuke.

Tulipokaribia Manyoni tulisimama kunywa chai, tukaona nyuki wamejazana nyuma ya lori. Hamisi akafungua. Mbao za kreti za chini zilikuwa zimesukumwa nje, misumari imechomoka. Mifuko ilikuwa imevimbia kwenye nafasi ile na kuchanika, na kreti za juu zimeziangukia za chini. Asali ya nusu ya msimu ilikuwa inachuruzika kwenye vumbi. Hamisi alishika kichwa, akasema, "Fundi, mimi nitamwambia nini mtani wangu?" Alikuwa karibu kulia. Mimi nilikuwa natazama jina langu jekundu kwenye ubao uliolala katika asali, nusu yake inaonekana.

Kesho yake kikundi kikakutana nje ya stoo yao. Hamisi akaeleza kwamba alikwenda taratibu, kwamba kreti ndizo zilizofunguka. Wazee wote wakanigeukia. Mwanangu, mpaka hapo nilikuwa na kosa la fundi tu, kosa la misumari na mbao, ambalo watu wangelisikitikia na kulisamehe. Nikafungua mdomo nikasema, "Kreti zilijaribiwa. Gari lilikimbia mno, nilikuwa ndani, niliona."

Hamisi alinitazama. Hakukasirika kwanza, alishangaa tu, kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. "Elia," akasema, "mimi na wewe si tulikuwa wote?"

Mzee Msengi akaniuliza, "Ulijaribu kwa asali?"

"Ndiyo, mzee."

"Na gari lilikimbia?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee alikuwa amenidhamini mbele ya wenzake, na nadhani ilikuwa rahisi zaidi kuniamini kuliko kukubali kwamba alikosea kunichagua. Akamwambia Hamisi, "Ungesema tu ulikuwa na haraka zako, tungeelewana." Hamisi akageuka. Akaenda kwenye lori lake bila kuaga.

Nilirudi karakana. Zile ndoo mbili zilikuwa bado chini ya meza, hazijaguswa. Nikachukua kreti moja ambayo haikupakiwa, nikaweka mfuko, nikamimina asali ya Mzee ndani. Haikuchukua muda. Ubavu wa kreti ukaanza kutoa mlio mdogo, ubao ukasogea, na kichwa cha msumari kikaja taratibu mbele ya macho yangu. Hapakuwa na lori wala shimo. Nikakaa chini kwenye maranda nikalia, na nilikuwa mwanamume mzima.

Kuzitengeneza kreti hakukunichukua zaidi ya siku tatu. Mbao nilizihamishia ndani ya nguzo, ili mfuko ukisukuma uubane ubao kwenye nguzo badala ya kuung'oa. Kazi ndogo hivyo tu. Nikatengeneza zote upya, jina sikuandika. Mnunuzi akakubali kuwajaribu mara ya pili, asali iliyobaki stoo ikafika salama, na Mzee Msengi akanisifu mbele ya wale wale wazee. "Niliwaambia mimi," akawa anasema. Kila sifa yake ilinichoma, na bado nilinyamaza. Nilijidanganya kwamba kreti nzuri zimelipa kila kitu.

Siku chache baadaye Hamisi alipita, nami nilikuwa nimekaa na Mzee. Lori likasimama. Mzee akajiweka sawa kwenye kigoda, akaigusa kofia yake, anasubiri. Hamisi akashuka, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mzee."

Mzee Msengi akaushusha mkono kutoka kwenye kofia. "Marahaba," akaitikia. Hamisi akauliza habari za nyumbani, akajibiwa nzuri, akaondoka. Kofia ilibaki kichwani.

Ikawa hivyo kwa miaka miwili. Kila nikiisikia ile shikamoo nilitamani ardhi inimeze, nikasema nitawaambia wakipoa, nitawaambia baada ya mavuno, nitawaambia Krismasi. Kisha Mzee akaugua. Nilikwenda kumwona, tukawa wawili tu chumbani. Akaniuliza, "Yule mtani wangu hajambo?" Neno lilinijia mpaka kwenye meno. Nikamjibu, "Hajambo, mzee," nikamshika mkono, nikaondoka. Juma lile lile akafariki.

Umeshaona msiba wenye watani, mwanangu. Unajua jinsi mtani anavyokuja, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamtukana mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na kile kicheko kinawasaidia kulifikia kaburi. Mjane wa Mzee alikuwa ameichukua ile kofia ya pama, akaiweka juu ya kiti karibu na mlango, makusudi. Watu wote waliiona, na wote walikuwa wakisikilizia lori.

Hamisi alikuja. Alitembea mpaka kwenye kiti kile, akaitazama kofia, akaipita. Akatoa pole kwa mjane kwa adabu, akaenda kukaa na wanaume kama mgeni aliyetoka mbali. Tukamzika Mzee Msengi kimya, hakuna aliyecheka.

Baada ya mazishi nilimfuata Hamisi kwenye lori lake. Nikamwambia yote, maji, rangi nyekundu, zile ndoo mbili, na uongo nilioutoa mbele ya stoo. Nilitegemea anipige, na kwa kweli nilitamani anipige. Alisikiliza mpaka mwisho huku ameshika mlango wa lori. Kisha akasema, "Ungeniambia asubuhi, fundi. Asubuhi ningemtania." Akapanda, akawasha gari, akaenda.

Niliwaambia wazee wa kikundi pia, na mjane wa Mzee nikamwambia nikiwa nimepiga magoti. Walinisamehe, kila mmoja kwa namna yake. Hamisi naye husema alishanisamehe zamani. Siku hizi anakaa Manyoni, ameacha udereva, tukikutana ananiuliza habari za watoto na za kazi. Ananisalimia vizuri sana. Hajanitania hata mara moja.

Ndiyo maana nilinyamaza jana. Kreti zako ni nzuri kuliko zangu, na mbavu zake umeziweka ndani ya nguzo kwa sababu tangu utotoni umeniona nikifanya hivyo. Lakini umezijaribu kwa maji, na akina mama watakaozitumia hawauzi maji. Kijaribu kitu kwa mzigo wake wenyewe na kwa barabara yake yenyewe, na ufanye hivyo kabla watu hawajaanza kupiga makofi, maana makofi yana kelele na ukishayasikia hutataka tena kusikia msumari unapolia. Ikiharibika, sema imeharibika mikononi mwako. Sema siku ile ile, hata kama sauti inatetemeka. Mbao nilizitengeneza upya kwa siku tatu, mwanangu, lakini watu wawili nilioukata utani wao sikuweza kuwarudisha, na niliyekuwa na deni naye zaidi yuko chini ya udongo akiamini mtani wake ndiye aliyekosea.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi na moyo usioionea haya kweli. Akupe watu wa kukutania mpaka uzeeni, na siku yako ikifika, asikosekane mtu wa kuivaa kofia yako.

Nenda karakana ukaangalie chini ya meza. Nimekuwekea ndoo mbili za asali, za nyuki wangu mwenyewe. Ikimwagika, ni yangu.