Mguu Niliouficha kwa Barafu

Barua hii imetoka kwa dada mmoja wa Saint Louis Park. Jina lake tunalo, halitoki hapa.

Hamjambo wasomaji wenzangu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mkenya, nina mume na binti mmoja. Nilifika Minnesota mwaka 1991. Mchana nafanya kazi katika nyumba ya wazee, nawaogesha na kuwalisha, na asubuhi, theluji ikishayeyuka, nahudumia farasi wa mbio katika zizi moja nje ya jiji. Nimechoka, jamani. Nasema mapema ili mkiona maneno yamepinda mjue si dharau.

Msicheke kusikia farasi. Baba yangu alikuwa saisi Nairobi, yaani mtunza farasi wa wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula. Alinifundisha kuwapapasa miguu kila asubuhi kabla hawajala. Mguu wenye joto ni mguu mgonjwa, alisema, na farasi hawezi kuja kukuamsha akuambie. Alinifundisha pia kwamba saisi habishani na bosi. Nimeyashika yote mawili hadi leo.

Mwaka jana nilipewa farasi jike mwekundu. Jina lake la mbio lilikuwa refu, halikuniingia kichwani, nikamwita Mrembo. Alikuwa mtundu, kazi yake kuninyang'anya kofia. Siku moja nikahisi joto kwenye kifundo cha mguu wake wa mbele. Nikamwambia bosi, ambaye ndiye anayewafunza farasi wote wa pale. Akainama, akashika, akasema niuweke kwenye barafu.

Sasa mnielewe vizuri. Siku ya mbio daktari wa farasi hupita asubuhi kumkagua kila mmoja. Mguu uliokaa kwenye ndoo ya barafu tangu alfajiri unakuwa baridi, huwezi kujua kama ni mgonjwa. Daktari aliushika, akauinua, akaniuliza kama kuna tatizo lolote. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema hakuna.

Nilifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne Mrembo alivunjika mguu uleule kwenye kona ya mwisho, mbele ya watu waliokuja na watoto wao kutoka Lakeville kustarehe. Waliweka pazia watu wasione, daktari akamchoma sindano ya kumuua, basi. Mimi nilikuwa nimemshikia kichwa. Saa nane mchana nilikuwa kazini naogesha wazee, na hakuna aliyeniuliza mbona macho mekundu.

Hapo ndipo linapokuja daftari langu. Ninyi mnaofanya kazi za wazee mnajua tulivyofundishwa: ukimgeuza mgonjwa unaandika, akinywa maji unaandika, na mwisho unaweka herufi za mwanzo za jina lako. Mkono ukishazoea hauulizi uko wapi. Nilikuwa nawaandikia farasi vilevile. Tarehe, mguu upi, joto, uvimbe, barafu imewekwa saa ngapi, halafu herufi zangu. Hakuna aliyenituma.

Kuna mama Mzungu mwenye shamba kule Anoka anayechukua farasi waliochakaa, wale ambao wasipopata mtu wanaishia kuuzwa kwa nyama. Alikuja kumchukua mmoja, akaliona daftari juu ya majani makavu, akaniuliza ni la nini. Nikamweleza yote huku nalia kama mtoto. Huyu mama amehangaika miaka mingi kuomba sheria ibadilishwe, madaktari wawapime farasi siku za mazoezi bila kutoa taarifa, wakati hakuna barafu. Anataka niende na daftari mbele ya kamati inayosimamia mbio niseme. Anasema wao wanaoandamana na mabango hawasikilizwi, kwa sababu hawajawahi kushika ile ndoo.

Nikamwambia mume wangu, ambaye anaendesha trela ya farasi ya bosi huyohuyo. Hakufoka. Alisoma daftari taratibu, kisha akaniambia, "Mama Neema, ukipeleka hii kitu, wa kwanza ku-lose job ni wewe, wa pili ni mimi. Na hebu show me mahali umeandika bosi ndiye alisema."

Nikatafuta. Hakuna. Kila ukurasa ni mimi niliyeweka barafu, na sahihi ni yangu.

"Yaliyopita si ndwele," akasema. "Hii kitu i-burn, tusonge mbele."

Yangekuwa yamepita ningenyamaza. Lakini kuna farasi dume ninayemwita Kahawia, na tangu wiki iliyopita kifundo chake kina joto. Msimu unafunguliwa mwezi ujao na bosi ameshamwandikisha. Nilimwambia bosi kuhusu joto hilo. Jana nikaikuta ndoo ya barafu mlangoni pa Kahawia, na mimi sikuiweka.

Nilinunua kadi ya simu nikampigia baba, nikamweleza yote. Nilidhani atanituliza. Aliuliza kitu kimoja tu, "Ulimshika ukajua?" Nikasema ndiyo, baba. Kadi ikaisha hapo.

Mume wangu ni mtu mwema na simlaumu. Tumehangaika sana kufika hapa. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa maradhi niliyoyaficha mimi, kifo kilimkuta mwingine asiyeweza hata kulalamika. Nachukia kwamba nilijua. Ningekuwa sijui, ningelala.

Kamati inakaa kabla ya mbio za kwanza. Naombeni ushauri wenu, mama zangu na kaka zangu, hata kama ni wa kunigombeza. Na nijibuni mapema, maana daktari akiinama kwenye mguu wa Kahawia akaniuliza, na bosi yuko nyuma yangu, najijua. Nitasema hakuna.